PIKIPIKI NZIMA NA HAKI YA NJIA

Somo kwa waendeshaji wa Kizingo, Mji wa Kale na kwingineko

Mtu asimamaye alfajiri katika njia panda zilizo kati ya kivuko cha Likoni na Kizingo, kusini mwa kisiwa cha Mombasa, huona jinsi barabara ilivyo na kazi nyingi. Watu waliovuka kwa feri wanakwenda kazini kwa miguu. Matatu, tuktuk na malori ya bandarini yanagombea nafasi. Na katikati ya hayo yote pikipiki zinapenya huku na huku, nyingine zikichukua abiria, nyingine mizigo, nyingine watoto waendao skuli.

Kazi hii ya bodaboda ilianza kwa baiskeli, mpakani mwa Kenya na Uganda upande wa Busia, katika miaka ya 1960, na jina lake latokana na neno la Kiingereza la mpaka. Baadaye pikipiki zilishika mahali pa baiskeli, na leo watu wengi sana hupata riziki zao kwa chombo hicho.

Watu wengi hudhani ya kuwa mwendesha pikipiki ana mambo mawili yaliyo mbalimbali: kutunza chombo chake, ambayo ni kazi ya fundi, na kufuata sheria, ambayo ni kazi ya polisi. Lakini mambo haya mawili ni jambo moja. Haki ya njia si kitu cha kunyakua. Ni kitu ambacho mtu mmoja humpa mwenzake. Naye hawezi kumpa mwenzake njia yule ambaye pikipiki yake haisimami. Pikipiki iendayo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika kila sekunde moja. Kabla mkono haujaishika breki, mita hizo zimekwisha kupita. Tena, mwendo ukizidishwa mara mbili, umbali unaotakiwa ili breki zisimamishe chombo huongezeka mara nne. Kwa hiyo yafaa somo lianzie nyumbani, kabla pikipiki haijatoka uani.

SEHEMU YA KWANZA: KUITUNZA PIKIPIKI

Adui wa kwanza ni chumvi

Pikipiki ya Mombasa ina adui ambaye pikipiki ya Nakuru au ya Kampala haimjui, naye ni hewa ya bahari. Wakati wa kusi, upepo huleta manyunyu ya maji ya chumvi mpaka juu ya barabara ya Mama Ngina, penye mibuyu. Chumvi hiyo hushika mnyororo, waya za breki, spoki na viungo vya umeme, na kutu huanza upesi. Tena, wale wanaovuka kwa feri mara kwa mara hukanyaga maji ya bahari yaliyo penye miteremko ya kupandia.

Dawa yake si ghali. Mara moja au mbili kila juma pikipiki ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe kwa kitambaa, kisha mnyororo na ncha za waya zitiwe oili kidogo. Maji yasipigwe kwa nguvu penye ekseli za magurudumu wala penye mdomo wa kabureta. Baada ya kuosha, breki zijaribiwe polepole kabla ya kuingia barabarani, maana breki zilizoingia maji huwa dhaifu mpaka zikauke.

Uchunguzi wa kila asubuhi

Mwendeshaji mwema hutumia dakika chache kila asubuhi kutazama mambo matano.

1. Tairi. Upepo wa tairi hupimwa asubuhi kabla ya safari, wakati tairi ni baridi. Tairi yenye upepo mchache hupata moto na kuyumba katika kona. Yenye upepo kupita kiasi hushika barabara kwa sehemu ndogo tu. Kiasi kifaacho kimeandikwa katika kitabu cha mtengenezaji, na aghalabu hutofautiana kwa gurudumu la mbele na la nyuma. Tairi iliyokwisha meno haifai kabisa wakati wa masika, kwa kuwa meno hayo ndiyo yanayotoa maji chini ya mpira.

2. Breki. Waendeshaji wengi huiogopa breki ya mbele na kutumia ya nyuma peke yake. Hilo ni kosa. Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito wake huegemea mbele. Kwa hiyo gurudumu la mbele hushika barabara vizuri zaidi, na breki yake ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi. Breki zote mbili zitumike pamoja, nayo ya mbele ibanwe kwa kuongeza nguvu kidogo kidogo, wala si kwa ghafula. Ikiwa mkono wa breki unafika karibu na usukani kabla breki haijashika, waya umelegea au vipande vinavyosugua vimekwisha. Pikipiki hiyo isitoke siku hiyo mpaka itengenezwe.

3. Mnyororo. Mnyororo husukumwa juu na chini kwa kidole, katikati ya magurudumu yake mawili yenye meno. Katika pikipiki nyingi za kazi, zenye injini za sentimita za ujazo 100 hadi 150, mchezo wake huwa kama sentimita 2 hadi 3. Upimwe mahali pengi, huku gurudumu la nyuma likizungushwa kwa mkono, maana mnyororo hauchakai sawasawa. Ukilegea mno waweza kutoka na kulifunga gurudumu. Ukikazwa mno hula ekseli na beringi. Ili kuurekebisha, nati ya ekseli ya nyuma hulegezwa, kisha skrubu za pande zote mbili huzungushwa kwa kiasi kimoja, zikitazamwa alama zilizochorwa kila upande, ili gurudumu lisikae mshazari. Mwisho nati ya ekseli hukazwa sana. Injini iwe imezimwa wakati wote wa kazi hii. Wako mafundi waliopoteza vidole kwa kusafisha mnyororo huku injini ikinguruma.

4. Taa na honi. Taa ya mbele, taa ya nyuma, taa ya breki na indiketa zote zijaribiwe. Taa ikiwakawaka na kuzimika, mara nyingi kosa si la taa yenyewe bali ni kutu katika kiungo cha waya. Kiungo hicho husuguliwa kwa msasa, kikakazwa na kupakwa grisi kidogo ili chumvi isiingie tena.

5. Oili. Pikipiki husimamishwa wima mahali palipo sawa, na injini iwe imezimwa kwa dakika chache. Kijiti cha kupimia hufutwa, huingizwa, kisha hutazamwa. Oili ikiwa chini ya alama, iongezwe. Ikiwa nyeusi na nyepesi kama maji, ibadilishwe. Mwenye kuokoa bei ya oili leo atailipa kesho katika bei ya pistoni.

Pikipiki ikikataa kuwaka

Injini ya petroli yataka mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa, cheche ya umeme, na mgandamizo ndani ya silinda. Injini isipowaka, moja katika hayo matatu halipo. Kwa hiyo mtu asianze kufungua kila nati aionayo, bali atafute kwa taratibu.

Kwanza, atazame kama swichi ya kuzimia imefunguliwa, kama koki ya petroli iko wazi, na kama tangi lina petroli. Mafundi wengi wameitwa kwa pikipiki ambayo haikuwa na ugonjwa wowote ila tangi tupu.

Pili, plagi ifunguliwe na kutazamwa, kwa kuwa plagi husema hali ya injini. Ikiwa ina rangi ya kahawia, injini i hali njema. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, petroli ni nyingi kuliko hewa, na huenda chujio la hewa limeziba kwa vumbi. Ikiwa imelowa oili, oili inapenya ndani ya silinda. Ikiwa nyeupe, injini inapata moto mno. Plagi chafu husafishwa kwa brashi ya waya, na nafasi iliyo kati ya ncha zake hurudishwa katika kipimo kilichoandikwa kitabuni.

Tatu, ili kujua kama cheche ipo, plagi hurudishwa katika kofia yake ya mpira, mwili wake ukagusishwa chuma cha injini, kisha kiki hupigwa. Cheche ya buluu yenye nguvu ni dalili njema. Jambo hili lisifanywe karibu na petroli iliyomwagika wala karibu na tundu la plagi, kwa kuwa mvuke wa petroli hushika moto upesi. Wakati wa mvua, mara nyingi ugonjwa ni maji tu ndani ya kofia ya plagi. Ikikaushwa, injini huwaka.

Nne, ikiwa petroli ipo na cheche ipo, lakini kiki yaenda nyepesi kama isiyo na kitu, mgandamizo umepungua. Hapo mwendeshaji afike kwa fundi. Kadhalika ampelekee fundi mambo ya fremu iliyopasuka, usukani uliolegea, beringi za magurudumu, na breki kutoka ndani. Kujua mpaka wa maarifa yako ni sehemu ya maarifa.

SEHEMU YA PILI: NANI APITE KWANZA?

Sheria ni mapatano

Sheria ya usafiri barabarani ya Kenya, Sura ya 403, ilitungwa katika mwaka 1953 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 1954, na tangu hapo imerekebishwa mara nyingi. Msingi wake ni mapatano: kila mtu ajue mwenzake atafanya nini. Katika Kenya, Uganda na Tanzania vyombo hupita upande wa kushoto. Katika Rwanda, Burundi na Kongo hupita kulia. Hakuna upande ulio bora kwa asili yake. Watu wa Sweden walikuwa wakipita kushoto, nao wakahamia kulia kwa siku moja, tarehe 3 Septemba 1967. Waliweza kwa sababu walihama wote pamoja. Mtu mmoja ashikaye upande wake mwenyewe huleta msiba, hata kama yeye ni hodari kuliko wote.

Hizi ndizo kanuni zinazotakiwa kujulikana na kila mwendeshaji:

Askari wa polisi akiwa njia panda, ishara ya mkono wake ndiyo ifuatwayo, hata kama taa zasema jambo jingine.

Alama nyekundu yenye pembe nane maana yake ni kusimama kabisa, magurudumu yasizunguke. Alama ya pembetatu iliyopinduliwa maana yake ni kutoa njia; mwendeshaji apunguze mwendo, na asimame ikiwa kuna chombo kinachokuja.

Atokaye katika njia ndogo humngoja aliye katika njia kuu. Vilevile atokaye katika lango la nyumba, kituo cha petroli au kando ya barabara, huwangoja walio barabarani.

Anayetaka kukata kulia huwangoja wale wanaokuja mbele yake wakienda moja kwa moja. Mwendesha pikipiki akumbuke ya kuwa huyo anayekata kulia huenda hakumwona, kwa kuwa pikipiki ni nyembamba na kutoka mbali huonekana kama iko mbali zaidi. Taa ya mbele iliyowashwa, hata mchana, humsaidia kuonekana.

Mwenye kwenda kwa miguu aliyekwisha ingia katika kivuko cha milia, njia ni yake. Gari lililosimama penye kivuko lisipitwe kamwe, maana mbele yake huenda yuko mtoto asiyeonekana.

Gari la wagonjwa, la zimamoto au la polisi likipiga king'ora, wote hukaa kando.

Mwendo katika mji usizidi kilomita 50 kwa saa. Hicho ni kipeo cha juu, wala si agizo. Penye watu wengi hata kilomita 20 huwa nyingi.

Penye mzunguko

Mzunguko, ambao katika Tanzania huitwa kipilefti, huwatatiza wengi. Kanuni yake ni fupi: anayetaka kuingia humngoja aliye ndani, ambaye hutokea upande wa kulia. Zamani katika Uingereza jambo hili halikuwekwa wazi. Walioingia waliwazuia waliotaka kutoka, na mzunguko wote ukafungana kama fundo. Katika Novemba 1966 ikaamriwa huko ya kuwa wanaoingia wawangoje walio kulia kwao, na fundo likafunguka. Yeyote aliyenaswa asubuhi katika mzunguko wa Makupa, kila mtu akisukuma na hakuna aendaye, ameona kwa macho yake mambo yanavyokuwa kanuni hiyo isipofuatwa. Anayengoja sekunde tano humwokolea kila mtu dakika nyingi, naye mwenyewe akiwamo.

Mji wa Kale

Njia za Mji wa Kale zilijengwa kwa ajili ya miguu ya watu, mamia ya miaka kabla ya injini. Hata ile iitwayo Ndia Kuu, ambayo kwa Kimvita maana yake ni njia kuu, ni nyembamba kwa magari ya leo. Basi jina halimpi mtu haki. Ukuu wa njia hutambulika kwa alama zilizowekwa, na pasipo na alama, busara hutaka kila mmoja apunguze mwendo na kuwa tayari kusimama.

Huko pembe za nyumba huficha mtoto, mzee atokaye msikitini, au hamali na mkokoteni wake. Hamali aliyebeba mzigo mzito hawezi kusimama ghafula wala kurudi nyuma. Mwenye pikipiki aweza. Kwa hiyo mwenye uwezo ndiye atoaye njia. Njia ikizibwa upande mmoja na gari lililosimama, yule ambaye kizuizi kiko upande wake ndiye angojaye. Honi hupigwa kidogo ili kuonya, wala si kwa kuwafukuza watu katika mlango wa nyumba zao.

Penye malori na penye feri

Malori ya mizigo yaendayo na yatokayo bandari ya Kilindini yana mahali ambapo dereva haoni: ubavuni, nyuma kabisa, na mbele karibu na pua ya gari. Pikipiki ipenyayo upande wa kushoto wa lori lililosimama yaweza kubanwa lori likikata kona. Kanuni ya kufaa ni hii: usipomwona dereva katika kioo chake, naye hakuoni.

Penye kivuko cha Likoni, waendao kwa miguu ni wengi kuliko vyombo. Mteremko huwa na maji na mafuta; breki zikibanwa kwa nguvu hapo, gurudumu huteleza. Mwendeshaji ashuke kwa gia ndogo, awaache watu wapite, na azime injini akiwa ndani ya feri.

Kofia ngumu

Katika Mei 1935 afisa mashuhuri wa Kiingereza, T. E. Lawrence, aliyepigana vita katika nchi za Waarabu, alianguka na pikipiki huko kwao alipokuwa akiwakwepa wavulana wawili waliopanda baiskeli. Hakuvaa kofia ya kukinga kichwa, naye alikufa siku sita baadaye. Daktari Hugh Cairns, aliyekuwa mmoja wa waliomtibu, akaanza kuchunguza vifo vya askari wapanda pikipiki, na maandishi yake ya mwaka 1941 yalisaidia kuleta kofia ngumu katika jeshi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008, uliokusanya tafiti nyingi za mataifa mbalimbali, ulikadiria ya kuwa kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Kwa sheria ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2012, mwendeshaji na abiria wote wawili sharti wavae kofia ngumu na koti lenye kung'aa, na abiria awe mmoja tu. Kofia iliyotundikwa kwenye usukani humlinda askari asimkamate mtu, haimlindi mtu. Ukanda wake ufungwe chini ya kidevu, la sivyo kofia itatangulia kuanguka.

Mwisho

Wako wasemao ya kuwa mwenye kungoja hupoteza wateja. Lakini abiria aliyefikishwa salama Kizingo leo ndiye mteja wa kesho, na pikipiki iliyotunzwa hailali kwa fundi siku za kazi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Breki iliyolegea ni ufa. Kuingia njia kuu bila kutazama ni ufa. Kofia isiyofungwa ni ufa. Mwenye haki ya njia naye asiishike haki hiyo mpaka kaburini: akiona mwenzake amekosea, na apunguze mwendo ampishe. Kufika nyumbani ni bora kuliko kushinda ubishi.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Kwa nini pikipiki za pwani huhitaji kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi?
2. Kwa nini breki ya mbele hufanya kazi kubwa kuliko ya nyuma?
3. Taja mambo matatu ambayo injini huyataka ili iwake. Utayachunguza kwa utaratibu gani?
4. Plagi nyeusi na kavu yaonyesha nini?
5. Pikipiki mbili zafika penye mzunguko, moja imo ndani na nyingine yataka kuingia. Ipi ingoje?
6. Mwenye pikipiki na hamali wa mkokoteni wakikutana katika njia nyembamba ya Mji wa Kale, nani atoe njia, na kwa sababu gani?